Usipige Saruji Ukuta wa Zamani

Fundi wa kwanza kuja kuuona ukuta wa bustani aliugonga kwa kidole, akasema, "Mzee, hapa ni saruji tu, wiki ijayo tumemaliza." Nikamnywesha soda, nikamsindikiza getini.

Nyumba iko mteremko wa Namirembe, chini ya kanisa kuu lililowekwa wakfu mwaka 1919. Ni ya matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo na chokaa. Mwenyewe wa awali aliipiga lipu ya saruji kuanzia msingi hadi paani, pamoja na ukuta wa bustani. Mvua za Kampala hazina mchezo: maji yakipenya ufa wa saruji hayapati pa kutokea, yanabaki kula tofali. Nilipobandua kipande karibu na mpera, kikatoka na unga mwekundu wa kujaza kiganja.

Hatua ni nne. Ya kwanza, bandua saruji kwa patasi na nyundo, polepole.

Ya pili ni chokaa, na hapa ndipo penye kazi. Muuzaji mmoja wa Nakasero aliniapia kwamba mabonge yake yametoka tanurini majuzi. Nikaomba kopo la maji, nikatumbukiza bonge. Kimya. Bonge lililo hai hufoka, hutoa mvuke, kopo halishikiki. Lake lilishakufa kwa unyevu wa stoo. "Maji yako ndiyo baridi, ssebo," akaniambia, bila hata kucheka.

Yaliyofaa nililetewa kwa lori kutoka Kasese. Maji yatangulie kwenye pipa, kisha chokaa kidogo kidogo. Ukigeuza, itakurukia usoni. Vaa miwani na glavu. Iache chini ya maji mwezi mmoja, ikiwezekana mitatu, mpaka ilainike kama samli. Changanya fungu moja na matatu ya mchanga wenye chembe kali; ule laini wa ziwani ukiwa peke yake hupasuka.

Ya tatu ni fundi. Nilimpata mzee wa Mengo aliyewakataza vijana kupaka. "Tupa!" aliwafokea, na kweli lipu iliyorushwa kwa mwiko hushika hadi ndani ya viungo. Vijana walinuna hadi chai ya saa nne, kisha wakaanza kushindana nani anarusha mbali. Ya nne ni unyevu: jioni mzee akafunika ukuta kwa magunia mabichi, akawaonya wasiyaache yakauke.

Mvua za Machi hadi Mei zimepita, ukuta haujatoa jasho. Muuzaji akikukatalia kopo la maji, usinunue kwake.