Sauti ya Mbali Inaposikika Kama ya Jirani: Somo la Redio Kutoka Kariandusi

Katika msimu wa mvua ndefu, mzee mmoja alinisimamisha baada ya baraza kule Kariandusi. "Mwanangu, nyinyi watu wa kaunti mbona hamkutuambia?" Alfajiri hiyo redio yake ndogo ya kupekua masafa, ile wapenzi wa redio huiita skana, ilikuwa imenasa sauti ya mtu akisema kwa Kiswahili kwamba mto umevunja kingo, daraja halipitiki, na watu wapande juu. Ilisikika wazi kama mtu aliye uani. Mzee alifungua zizi akaswaga ng'ombe gizani hadi mwinuko ulio nyuma ya boma, na majirani wawili wakamfuata na watoto mgongoni. Kulipokucha, Mto Kariandusi ulikuwa ndani ya kingo zake.

Nilimjibu kwamba redio yake haikumdanganya. Mafuriko yalikuwako mahali fulani, ila si hapa. Swali lake lililofuata ndilo lililozaa somo hili: kama ni mbali, mbona sauti ilikuwa safi hivyo?

Redio nyingi za mkononi zinazotumiwa na askari, wazima moto na madereva wa ambulensi hutumia mawimbi ya kati ya megahezi 30 na 300, au ya juu kidogo ya hapo. Mawimbi haya husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kama mwanga wa tochi, na mlima huyazuia. Kipo kipimo rahisi cha kukadiria yanafika wapi kwenye ardhi tambarare. Chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.12. Askari aliyesimama na redio mkononi, antena ikiwa mita 2 juu ya ardhi, anafikia takriban kilomita 6 tu. Lakini ujumbe wake ukipokelewa na mtambo ulio kilimani, mita 400 juu ya tambarare, na mtambo huo ukaurusha upya, hesabu inabadilika: kipeuo cha pili cha 400 ni 20, mara 4.12 ni kilomita 82.

Sasa tazama tulipo. Kariandusi iko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, ukuta wa bonde ukiwa mashariki, Ziwa Elementaita likiwa chini yetu, na Mlima Eburru, wenye zaidi ya mita 2,800 juu ya usawa wa bahari, ukionekana ng'ambo ya ziwa. Ol Kalou haifiki kilomita 30 kutoka hapa, lakini iko nyuma ya ukuta wa bonde, na askari anayezungumza huko kwa redio ya mkononi huenda usimsikie kamwe. Narok iko mara tatu ya umbali huo, na bado mtambo uliowekwa juu ya mlima wa upande huo unaweza kukufikia bila kizuizi. Kwa hiyo usipime umbali kwa ukubwa wa sauti. Kinachoamua ni nani aliye juu na kuna nini katikati.

Kisha kuna hewa, na hapa bonde letu lina mambo yake. Usiku mtulivu, hewa baridi hushuka kutoka miinuko ya Nyandarua na Mau ikatulia chini bondeni, na hewa yenye joto zaidi ikabaki juu yake kama kifuniko. Utaijua hali hiyo asubuhi kwa moshi wa jikoni: haupandi, unatambaa juu ya mabati na kukaa hapo. Hali kama hiyo inaweza kuyapinda mawimbi yarudi ardhini badala ya kupotelea angani, yakasafiri mbali kuliko kawaida. Jua likipasha ardhi, kifuniko huvunjika na sauti hupotea. Mzee alikumbuka kwamba ilipofika saa mbili redio yake ilikuwa inakoroma tu.

Yapo pia mawimbi marefu zaidi, ya megahezi 3 hadi 30, ambayo hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mamia au maelfu ya kilomita mbali. Hayo yamekuwa tegemeo la vituo vilivyo mbali na simu na barabara. Kwa mawimbi hayo, lugha haikusaidii kujua msemaji yuko wapi. Kiswahili unachokisikia alfajiri kinaweza kuwa kinatoka Lodwar, Tanzania au mashariki mwa Kongo. Hata jina la mahali linaweza kukupoteza. Majengo iko Nairobi, iko Mombasa, iko Nyeri.

Simwandikii mzee huyu ili acheke mtu. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel lilivunja ukingo usiku kule Solai, na alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka Mai Mahiu. Zote ziko katika kaunti yetu, na katika kila mkasa watu zaidi ya 40 walifariki. Kule Mai Mahiu habari ya kwanza iliyosambaa ilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya njia ya chini ya reli iliyozibwa na takataka na udongo, kule Kijabe ya zamani. Kwa anayeishi chini ya bwawa, tofauti hiyo si ndogo: inamwambia akimbie au abaki. Binafsi naona mzee alifanya vyema kupanda juu kwanza na kuuliza baadaye. Ambacho hakupaswa kufanya, na hakufanya, ni kurekodi ile sauti na kuituma kwenye kundi la kijiji bila jina la mto.

Neno kuhusu sheria, kwa sababu vijana wameniuliza. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998 inataka vifaa vya mawasiliano ya redio vitumiwe kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu. Mazungumzo ya askari au ya wahudumu wa ambulensi hayakukusudiwa masikio yetu. Mengi sasa yamefichwa kidijitali hata hivyo. Skana itakupa mkwaruzo tu. Anayependa redio kwa dhati aombe leseni ya redio ya ridhaa. Wenye leseni hiyo hapa Kenya hupewa alama za utambulisho zinazoanza na 5Z4, nao huzungumza na dunia nzima bila kujificha.

Ukisikia onyo usilolielewa, mpigie chifu au mzee wa Nyumba Kumi aliye karibu na mto wenyewe, mwulize anaona nini kwa macho yake. Ukiona hatari wewe mwenyewe, piga 999 au 112. Anza na mahali kabla ya tukio: kaunti ndogo, kijiji, na shule, kanisa au daraja lililo karibu. Laini ikikatika baada ya sekunde kumi, angalau watajua pa kwenda.