Kiota cha Kwelea na Mashamba ya Uwele

Wasomaji wetu wa Dodoma, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni hawana haja ya kuelezwa kwelea ni nani. Mtu aliyeketi juu ya dungu tangu alfajiri mpaka jua kuchwa, akiamia uwele wake kwa kombeo na makelele, amjua ndege huyu kuliko waandikao vitabu. Walakini wengi humjua akiwa shambani tu, wala hawajakichungulia kiota chake. Na kiota ndicho kimwonyeshacho mkulima siku za kujihadhari.

Kwelea ni jamaa ya mnana, naye ni fundi wa kusuka kama yeye. Watoto hudhani ya kuwa mama ndiye ajengaye, lakini sivyo: kazi ni ya dume. Huchagua kitawi cha mgunga wenye miiba, akafunga jani moja kwa mdomo wake, akaongeza la pili na la tatu, mpaka ikapatikana pete iliyosimama wima. Husimama ndani ya pete hiyo, akasuka pande zote kadiri mdomo wake ufikavyo: nyuma chumba, juu paa, na mbele huacha tundu la kuingilia lenye kijibaraza cha kuzuia mvua. Upana wa tundu ni kama sentimita 2 na nusu, na kiota kizima hakipati kimo cha sentimita 20. Majani yatumikayo ni kama 600 au 700, tena dume huyamaliza yote kwa siku 2 au 3. Msusi wa vikapu mwenye mikono miwili hana budi kumwonea haya.

Sasa liangalieni neno hili, maana ndilo kubwa. Jani kavu halisukiki, hukatika. Kwa sababu hiyo kwelea hawezi kujenga mpaka mvua inyeshe na majani yarefuke. Katika nchi yetu mvua hunyesha tangu Desemba mpaka Aprili, nayo huzidi huku ikapungua kule. Basi makundi hufuata ilikoshuka, wakajenga kwa pamoja, maelfu kwa maelfu, hata mgunga mmoja ukabeba mamia ya viota. Madhali wameanza pamoja, hutaga pamoja, aghalabu mayai 3 kila kiota. Mayai huatamiwa siku kama 10. Makinda hulishwa wadudu kwanza, kisha mbegu, na baada ya majuma yapata 2 huweza kuruka. Hapo huenda uwele wa jirani umeanza kukomaa.

Ndege mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Si kitu, lakini milioni moja hula tani 10. Wako wasemao, “Basi tulime mahindi,” kwa kuwa punje ya mhindi ni kubwa kwa mdomo wa kwelea. Hao hawajaona mahindi yakinyauka Ugogo mwezi wa Februari.

Rangi ya kiota ndiyo kalenda. Kikiwa kijani, kimesukwa juzi, na mkulima ana karibu mwezi mmoja kabla ya makinda kuruka. Kikiwa cha manjano, na makinda yalia ndani yake, siku zilizobaki ni chache. Tai na korongo wakizunguka kila siku juu ya kichaka kimoja, yafaa kwenda kutazama, kwani nao hufuata makinda. Aonaye na apeleke habari kwa bwana shamba upesi, maana eropleni ya kunyunyiza dawa hufanya kazi vizuri jioni, ndege wakiwa wamekusanyika, wala haina faida wakiisha kutawanyika.

Watu wa Kondoa wana desturi yao ya tangu zamani ya kuwatega kwelea kwa vikapu vilivyosukwa kwa majani, wakawala kuwa kitoweo au kuwauza. Ni njia njema, nayo haidhuru kiumbe mwingine. Lakini ndege aliyepigwa dawa asiokotwe na mtu, wala asipewe mbwa, kwa kuwa sumu ile hupita kwa mlaji.

Makinda yakiisha kuruka, kundi zima huhama kwa siku chache, wala halirudii viota vile. Mwaka ujao watasuka vingine, labda mbali sana na hapo, mahali palipopata mvua.