Nilifuta mauzo ya miaka miwili, diski ikabaki imejaa

Leo nawapa kisa changu, na kilinigharimu.

Nauza vipuri vya pikipiki. Mauzo, madeni na picha za risiti naweka kwenye programu ya duka, kwenye laptop ya mtumba yenye diski ya GB 32. Ikaanza kulalamika nafasi imeisha. Faili la programu peke yake lilikuwa GB 4. Nikafuta mauzo ya miaka miwili ya nyuma. Naangalia: GB 4 zilezile! Na kumbe madeni ya zamani yalikuwa humohumo. Laki tatu na ushee. Mteja mmoja ananiambia, "Bosi, mbona nilishakulipa."

Fundi akanielewesha. Programu yangu inatumia kanzidata ya SQLite, ambayo ni faili moja lililogawanywa kurasa, kwa kawaida baiti 4096 kila ukurasa. Chukulia daftari la mikopo la penseli. Ukifuta kwa raba, daftari linakuwa jembamba? Halipungui hata kidogo. SQLite ni hivyohivyo: ukurasa uliobaki mtupu unaandikwa kwenye orodha ya kurasa huru, unasubiri mauzo mapya. Windows inahesabu daftari zima, haijui kurasa zipi ni tupu. Faida yake ni kwamba mauzo yanayofuata yanajaza kwanza kurasa hizo kabla faili halijaongezeka.

Ila ukifuta mojamoja huku na kule, kurasa nyingi zinabaki na baadhi ya mistari, na hizo hazihesabiki kuwa huru.

Kulipunguza faili lenyewe kuna amri inaitwa VACUUM. Inanakili vilivyobaki kwenye faili la muda, halafu inavirudisha vikiwa vimebanwa. Sasa mtego uko hapa: kazi hiyo inaweza kuhitaji nafasi tupu hadi mara mbili ya ukubwa wa faili. Kwangu ni GB 8, na diski imejaa! Ilibidi tuhamishie video za watoto kwenye flashi kwanza. (Upo mpangilio wa faili kujipunguza lenyewe, ila kwa kawaida umezimwa.)

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: nakili faili kwenye flashi, chapisha orodha ya wadaiwa, ndipo ufute. Baada ya hapo muulize aliyekuuzia programu kama ina kitufe cha kubana faili. Wengine wanacho, wamekificha tu kwenye mipangilio.