Je, Paulo Ndiye Mwasisi wa Ukristo?

Katika parokia ya Muyama, kama katika makanisa mengine ya Kikatoliki, waumini siku ya Jumapili husomewa waraka wa mtume, mara nyingi wa Paulo, kisha husimama kusikiliza Injili. Utaratibu huo, pasipo kukusudiwa, wafuata tarehe za kuandikwa kwa maandiko hayo. Agano Jipya lililochapwa laanza na Mathayo, hivyo wengi hudhani kwamba Paulo alikuwa akifafanua Injili iliyokwisha andikwa. Sivyo. Wataalamu wengi wa Biblia, Wakristo wenyewe, wasema kwamba Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike uliandikwa kama mwaka 50, ilhali Injili ya Marko, ambayo kwa maoni yao ndiyo ya kwanza kati ya zote nne, huwekwa karibu na mwaka 70.

Basi Paulo aliyapata wapi mafundisho yake? Mwenyewe asema (Wagalatia 1:11-19) kwamba hakuyapokea kwa mwanadamu bali kwa ufunuo, na kwamba miaka mitatu ilipita kabla hajapanda kwenda Yerusalemu, akakaa kwa Petro siku kumi na tano. Siku kumi na tano tu, kwa watu waliokula na kutembea na Nabii Isa a.s.! Katika sura ya pili twamwona akimkemea Petro huko Antiokia mbele ya watu wote, kwa sababu Petro, walipofika watu wa Yakobo, aliacha kula na watu wa Mataifa. Hata Barnaba, mwenzi wake Paulo, alimfuata Petro.

Ugomvi huo haukuwa wa chakula tu. Isa a.s. alisema hakuja kuitangua Torati (Mathayo 5:17), na kwamba alitumwa kwa kondoo waliopotea wa Israeli (15:24). Na Kurani Tukufu (sura ya 61) yamtaja kuwa Mtume kwa Wana wa Israeli. Paulo afundisha kwamba kama haki ingepatikana kwa sheria, Kristo alikufa bure (Wagalatia 2:21). Hapo ndipo penye njia panda. Mwanachuoni Mjerumani William Wrede, katika kitabu chake cha mwaka 1904, alimwita Paulo mwasisi wa pili wa Ukristo.

Lakini wewe uliyejiunga nasi karibuni, ambaye jamaa zako wakuuliza maswali kila jioni, usiwaambie kwamba Paulo alibuni kila kitu. Watakufungulia 1 Wakorintho 15:3, asemapo kwamba habari ya kufa kwa Kristo kwa ajili ya dhambi aliipokea, nawe utanyamaza. Sema lile lenye ushahidi: kwamba alikifanya kifo hicho kuwa msingi wote wa wokovu, akawafungua Mataifa na Torati.

Mbona basi fundisho lake ndilo lililoenea? Yakobo, kiongozi wa waumini wa Yerusalemu, aliuawa mwaka 62. Na mwaka 70 Warumi wakauteketeza mji. Makanisa ya miji ya Kiyunani yakabaki, na nyaraka za Paulo mikononi mwao. Waraka wenye jina la Yakobo umo katika Agano Jipya hilo hilo, sura tano fupi. Usome leo. Isa amtaja mara mbili tu, na neno msalaba hutalikuta humo.