Mtoto wa kambo naye apelekwe kliniki

Si wazazi wote wa kambo huwatesa watoto. Hata hivyo, ubaguzi waweza kuwepo bila kiboko wala matusi, mtoto akakosa tu matunzo ya afya.

Mwaka wa 2001, Anne Case na Christina Paxson wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Waligundua kwamba watoto wanaoishi na mama wa kambo hukosa ukaguzi wa kawaida wa daktari na wa meno zaidi ya wanaolelewa na mama mzazi. Lakini waliokutana na mama zao mara kwa mara hawakupungukiwa.

Kwa hivyo, wazazi wakitengana, mtoto asikatazwe kumwona mamake. Mama akiwa amefariki, nyanya au shangazi awe karibu. Baba naye asimwachie mkewe kila kitu: ajue tarehe za kliniki na chanjo.

Mtoto akikonda, au akirudia kukojoa kitandani baada ya kuacha, mpeleke hospitali. Ukishuku anateswa, piga simu 116 bila malipo.