Silinda ya Tingatinga: Tusimharakishe Fundi

Ndugu wanakamati, tingatinga la mradi likivujisha mafuta ya haidroli, kazi husimama na wote hutamani silinda ifunguliwe haraka. Tukumbuke: injini kuzimwa si presha kwisha.

1. Teremsha koleo la mbele mpaka litue ardhini.
2. Zima injini, kisha chezesha leva zote ili presha itoke.
3. Legeza viungo vya mipira polepole.
4. Tafuta palipovuja kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa mkono.
5. Usisukume pistoni kwa upepo wa kompresa. Hufyatuka na kuua.

Mafuta yakipenya ngozini, hata kwa kitundu cha sindano, mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja. Kuchelewa kwaweza kumgharimu mkono.