Habari za Video Zisizokubali Kucheza

Kazi ya kufundisha kwa video imeenea sana katika wilaya za Tarime na Serengeti, na kwa hiyo tumeona vema kuandika somo juu ya matatizo yake. Wainjilisti na waalimu huzichukua video katika simu au katika flashi, huenda nazo vijijini, huazima projekta na jenereta, hutandika shuka nyeupe ukutani. Mara nyingi somo lenyewe ni zito. Katika upande wetu msimu wa kuwakeketa wasichana huja hasa likizo ya Desemba, na wale wanaotaka kusema na wazazi hawana budi kusema nao kabla ya hapo. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, walakini wazazi wengi husadiki zaidi wanaloliona kwa macho kuliko wanalosomewa. Kazi ya Rhobi Samwelly na wenzake pale Mugumu, ya kuwapokea wasichana wanaokimbia kisu, ilionyeshwa katika filamu ya Giselle Portenier ya mwaka 2018, iitwayo In the Name of Your Daughter.

Sasa tuseme mwalimu amewakusanya watu Novemba, jua limetua, wazee wameketi mbele, na shuka ikabaki nyeusi. Watu watangoja kidogo, watacheka, watatawanyika. Hatawapata tena kabla ya Desemba. Ndiyo maana jambo hili dogo la faili lisilocheza si dogo.

Kwanza yafaa kujua ya kuwa video ina safari tatu: huletwa kutoka mtandaoni, huwekwa katika faili la namna fulani, tena huchezwa na programu. Ugonjwa waweza kuwa katika safari yo yote. Watu wengi hukimbilia kulaumu simu, wakanunua nyingine, na video ikakataa vilevile.

Tuanze na kuleta. Video ya ukubwa wa kati, ile waiitayo 720p, yaweza kula megabaiti 15 hivi kwa dakika moja. Basi somo la dakika 20 hukaribia megabaiti 300, nalo bando la mtu likiisha katikati, faili hukatika. Ukiona jina la faili linakwisha kwa .part au .crdownload, ujue halijafika lote. Usilibadilishe jina ukidhani litapona. Anza tena mahali penye mtandao mzuri, kama Tarime mjini, Sirari au Mugumu, nawe ulinganishe ukubwa wake na ule ulioandikwa kule lilikotoka. Wala usitegemee kuonyesha moja kwa moja kutoka mtandaoni siku ya somo. Mwezi wa Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukadhoofika Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Kilichokwisha kuwekwa katika flashi hakikudhurika.

Liko tatizo jingine ambalo huwashangaza watu: picha imefika nzuri sana, lakini haina sauti. Sababu yake ni hii. YouTube huweka picha za ubora wa juu mbali na sauti, kama mafaili mawili, na programu ya kupakua yapaswa kuyaunganisha. Programu kama yt-dlp, iliyotoka mwaka 2021, hutumia mwenzake aitwaye FFmpeg kwa kazi hiyo. Asipokuwapo katika kompyuta, picha hubaki bubu. Mwekee FFmpeg, ujaribu tena. Na programu iliyofanya kazi jana ikikataa leo, huenda haikuharibika. Tovuti imebadilisha milango yake. Dawa ni kuisasisha, au kama vijana wasemavyo, kuiapdeti. Jihadhari tu na kurasa zinazokuambia ya kuwa simu yako ina virusi, au ya kuwa lazima upakue mchezeshaji wao kwanza. Hao hawakusaidii, wanatafuta njia ya kuingia katika simu yako.

Hapa yapasa tuseme juu ya haki. Masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua ila kwa kitufe chao wenyewe au kwa idhini, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda aliyetengeneza filamu. Kwa hiyo mwombe mwenye video. Wengi walio na somo la kufundisha hufurahi kuombwa, na mara nyingi watakupa faili safi, bora kuliko lile ambalo ungelinyofoa wewe.

Sasa tufike penye shida nyingi kuliko zote, yaani faili lenyewe. Watu huona mwishoni mwa jina herufi MP4 au MKV, wakadhani wamejua video ni ya namna gani. Sivyo. MP4 ni kikapu. Ndani ya kikapu mna picha zilizokunjwa na sauti iliyokunjwa, na kuna namna nyingi za kukunja, ambazo mafundi huziita kodeki. Picha yaweza kukunjwa kwa H.264, ya mwaka 2003, ambayo karibu kila chombo hujua kuikunjua. Au kwa HEVC ya mwaka 2013. Au kwa AV1 ya mwaka 2018, ambayo simu na televisheni nyingi za zamani hazikufundishwa. Basi vikapu viwili vya MP4 hufanana kwa nje, kimoja kikafunguka na kingine kikakataa. Ndiyo sababu video iliyorekodiwa kwa simu mpya yaweza kucheza vizuri katika simu ile, na televisheni ya jirani ikasema haiitambui. Na sauti kadhalika: picha ikionekana na sauti isisikike, huenda sauti imekunjwa kwa AC3 au DTS, na chombo kinataka AAC.

Kubadilisha jina kutoka .mkv kuwa .mp4 hakukunjui kitu. Ni kama kuandika unga juu ya gunia la mtama. Yako mambo mawili ya kweli yawezayo kufanywa. La kwanza ni kuhamisha yaliyomo katika kikapu kingine bila kuyakunjua. FFmpeg hulifanya kwa dakika chache, wala ubora haupotei. La pili ni kukunjua na kukunja upya, na hilo huchukua muda mrefu, katika kompyuta dhaifu hata saa kadhaa, tena kila mara picha hupoteza kidogo. Kwa kazi hii ya pili twaisifu HandBrake, ambayo ni ya bure. Chagua MP4, H.264, sauti AAC, na ukubwa wa 720p. Kwa shuka ukutani hayo yatosha kabisa. Kuigeuza video ndogo iwe kubwa hakuiongezei uzuri, huiongezea uzito tu.

Faili likiwa kubwa kupita gigabaiti 4, flashi iliyoandaliwa kwa mtindo wa FAT32 italikataa hata ikiwa tupu. Iandae kwa exFAT kama televisheni au projekta yako huikubali, la sivyo gawanya video vipande viwili. Ukiiandaa upya, vyote vilivyomo hufutika. Basi viondoe kwanza. Na ziko kadi za kumbukumbu za uongo: zimeandikwa 64, zina nafasi ndogo, nazo hupokea mafaili kwa utulivu huku yanaharibika. Programu ya H2testw huzipima katika kompyuta. Inafaa kuipima kadi kabla ya kuiamini.

Tena, video iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imekwisha kupunguzwa. Mwambie anayekutumia aitume kama dokumenti, itafika kama ilivyo.

Kwa kucheza hatuna maneno mengi. VLC hutosha kwa wengi. Wanafunzi wa chuo kimoja cha Ufaransa waliianza mwaka 1996, ni ya bure, na kodeki nyingi zimo ndani yake. Picha ikitoka ya kijani au nyeusi na sauti ikasikika, ingia katika mipangilio ya VLC uzime msaada wa kukunjua kwa chombo, mara nyingi picha hurudi. Midomo ikiachana na sauti, katika kompyuta bonyeza J au K. Kila mguso husogeza sauti sehemu ndogo sana ya sekunde, basi bonyeza mpaka vikutane. Maandishi ya tafsiri yakiwa katika faili la .srt, lipe jina lile lile la video, uliweke pamoja nayo.

Walio na nia ya kurekodi wenyewe twawaambia jambo moja la kuangaliwa sana. MP4 nyingi huandika orodha ya yaliyomo mwisho kabisa, rekodi inapofungwa. Simu ikizimika kwa kukosa chaji kabla ya hapo, faili huwa lina picha zote lakini halifunguki. Mzee mpiga litungu akiimba saa nzima, au mama akisimulia yaliyompata binti yake, usirekodi kipande kimoja kirefu. Simamisha kila dakika kumi hivi, uanze kipya. Na faili likiwa limekwisha kuharibika hivyo, usilifute. Iko programu iitwayo untrunc, ambayo huchukua faili zima lililorekodiwa kwa simu ile ile, ikajifunza kwalo mpango wa lile bovu, na mara nyingine hulirudisha.

Wala msirekodi uso wa msichana aliyekimbia nyumbani kwao. Video ikisharushwa katika simu ya pili hairudi tena, na Mugumu si mbali na kijiji chake.

Siku moja kabla ya somo, chukua flashi ile ile, projekta ile ile na spika zile zile, uicheze video mpaka mwisho, si dakika mbili za kwanza tu. Faili lililokatika huweza kucheza vema nusu saa nzima, ndipo likasimama pale msichana anapoanza kusema.